Mchi, sahani na matangi mawili: Mashine ipi ya kufulia inaiweza Mbaraki?

Kanzu nyeupe haifichi kitu. Tone la mchuzi, vumbi la bandarini, kola iliyoshiba jasho la Februari, vyote hujitangaza vyenyewe. Ndiyo maana katika kisiwa cha Mombasa, ambako kila Ijumaa kanzu hutoka kabatini kwa wingi, mashine ya kufulia haipimwi kwa idadi ya vitufe vyake wala kwa wimbo inaoupiga ikimaliza kazi. Hupimwa kwenye kola.

Mbaraki iko kusini-magharibi mwa kisiwa, jirani na Ganjoni, ikitazama maji ya Kilindini. Wageni huijua kwa mnara wake wa mawe ya matumbawe, wenye urefu wa mita zipatazo 14, uliosimama jirani na msikiti wa karne ya 15. Wenyeji huijua zaidi kwa gati, maghala, malori na yadi za makontena. Katikati ya hayo yote kuna nyumba za ghorofa, na juu ya mapaa yake zimepangwa safu za matangi meusi ya maji pamoja na kamba za kuanikia. Anayetaka kuelewa ni vipi watu wazima wenye akili zao timamu hukaa barazani mpaka kahawa ikapoa, wakibishana juu ya mashine za kufulia, na aanze kwa kuyatazama hayo matangi.

Wabishani wenyewe ni wa kila namna. Yuko fundi aliyeona matumbo ya mashine nyingi kuliko sura zake. Yuko mama aliyefanya kazi za nyumbani Muscat au Jeddah kwa miaka, akafua kwa kila aina ya mashine, na sasa hadanganywi na tangazo la televisheni. Yuko wakala wa forodha anayejua kontena lipi limetoka Japani na lipi Dubai. Na hakosi bwana mmoja ambaye hajawahi kufua hata soksi, lakini rai anayo, tena ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Swali la kwanza huwa lilelile: mlango uwe juu au mbele?

Hapa wengi huegemea juu, na sababu zao si za mapambo. Mashine ya mlango wa mbele ikishajaza maji hufunga kitasa chake. Stima ikipotea katikati ya kazi, nguo na maji hubaki tumboni mpaka umeme urudi, au mpaka mtu apige magoti kutafuta kile kimpira cha dharura cha kutolea maji. Ya mlango wa juu unafunua kifuniko, unatoa nguo zako, unamalizia kwa mkono. Halafu kuna suala la muda: pamba kwenye mashine ya mbele inaweza kuchukua saa mbili au zaidi, ilhali mashine ya juu ya kawaida hufua mkupuo mmoja chini ya saa. Na wenye migongo ya miaka hamsini hawahitaji kuelezwa raha ya kutoinama.

Lakini kusema "mlango wa juu" bado hujasema kitu. Ndani ya umbo hilo moja mna koo zinazotofautiana, na ugomvi wenyewe uko huko.

Ukoo wa kwanza ni wa mchi. Katikati ya tangi husimama nguzo yenye mapezi (na Mbaraki, kwa kweli, haishangazwi na nguzo) inayogeuka nusu mzunguko kulia, nusu mzunguko kushoto, ikizivuta nguo chini na kuzirudisha juu, kama mchi unavyopindua nafaka kinuni. Kampuni ya Maytag ya mji wa Newton, jimbo la Iowa, ndiyo iliyoupa umbo hili nguvu sokoni mwaka 1922 kwa mashine iliyoitwa Gyrafoam. Kabla ya hapo mashine nyingi zilining'iniza kifaa cha kusukasuka nguo kutoka kwenye kifuniko. Maytag wakakiweka chini, kwenye kitako cha tangi la alumini, na maji yakaanza kufanya kazi pamoja na nguo. Kwa miongo kadhaa Mmarekani wa kawaida hakujua mashine nyingine. Kiwanda cha Newton kilifungwa mwaka 2007, mwaka mmoja baada ya Whirlpool kuinunua Maytag, lakini mchi haukufa: Speed Queen wa Ripon, Wisconsin, bado wanauuza kwa wateja wanaoapa kwamba hakuna kinachotakasa zaidi.

Mapenzi ya mashine hizi huko Marekani yana watu wake. Profesa mstaafu wa uhandisi wa umeme, Lee Maxwell, alikusanya zaidi ya mashine 1,000 za kufulia katika jumba lake la makumbusho huko Eaton, Colorado, nyingi akazifanyia matengenezo kwa mikono yake mpaka zikazunguka tena. Wapo wengine wanaokutana kufua nguo pamoja, kila mmoja na mashine yake ya zamani, wakilinganisha mwendo wa maji na weupe wa taulo. Mtu wa Mbaraki akisikia hayo hucheka kwanza, halafu huuliza: je, hayo maji wanalipia kiasi gani?

Swali lake ni la maana. Mchi huhitaji nguo ziogelee. Mashine ya mchi ya zamani ikijazwa mara ya kufua na mara ya kusuuza inaweza kumaliza lita 150, yaani mitungi saba na nusu ya lita 20. Katika mtaa ambao siku mbaya maji hufika mlangoni kwa mkokoteni, hiyo ni hesabu ya kumtoa mtu jasho. Tena mchi una ukali wake. Shuka nzito, mataulo na ovaroli za gati utazitendea haki, lakini buibui, mitandio na leso huupenda mno: hujisokota kwenye nguzo na kutoka zimefungana, pindo limevutika, uzi umechomoza. Leso mpya ambayo bado inachuja rangi, ikichanganywa na kanzu ndani ya maji mengi yanayosukwasukwa hivyo, huleta ugomvi wa nyumbani ambao hakuna fundi wa kuutengeneza.

Ukoo wa pili hauna nguzo. Kitakoni mwa tangi kuna sahani yenye matuta, na sahani hiyo ikizunguka hufanya kizingia cha maji kinachozibeba nguo. Asili yake ni ya Uingereza kama ilivyo ya Asia. Mwaka 1948 Hoover ilifungua kiwanda Merthyr Tydfil, kusini mwa Wales, ikatoa mashine ndogo yenye pangaboi ubavuni mwa tangi. Mwaka 1953 Sanyo ya Japani, chini ya mwanzilishi wake Toshio Iue, ikafuata njia ileile kwa mashine ya SW-53, na haikuchukua muda mashine ya kufulia, friji na televisheni vikawa vitu vitatu ambavyo kila familia ya Japani iliviota. Baadaye pangaboi lilihamia chini, likawa sahani, na kutoka Japani sahani ikaenea Korea, China, India na hatimaye katika maduka ya Barabara ya Moi na Digo.

Wajapani walikuwa na sababu. Nyumba ndogo, maji baridi, na desturi ya kuyapa maji kazi ya pili: mpaka leo mashine nyingi za huko zina mpira na pampu ya kuvuta maji ya kuogea yaliyobaki jana usiku yakafue nguo asubuhi. Mashine hufuata maisha ya wanaoitumia. China, katika miaka ya 1990, Haier ilipogundua kwamba wakulima wa Sichuan walikuwa wakioshea viazi vitamu ndani ya mashine zao na kuziba mabomba, haikuwakemea. Ilitengeneza mashine yenye bomba pana.

Kwa nguo za pwani, sahani ni mpole zaidi kuliko mchi, ila ina aibu moja: husokota. Mikono ya kanzu hufungwa fundo na miguu ya suruali, na nguo iliyo katikati ya fundo haisuguliki wala haisuuziki vizuri. Mashine mpya zinazojivunia kutumia maji machache ndizo zilizo na tatizo hilo zaidi, kwa kuwa nguo zikikosa maji ya kuelea hulaliana tu juu ya sahani. Wajuzi wana dawa yake: jaza tangi robo tatu, usishindilie, na nguo ndefu ziingie moja moja zikiwa zimekunjuliwa, si kwa mafungu.

Sasa tufike kwenye ile ambayo fundi huitetea na mwenye duka huionea haya: mashine ya matangi mawili. Tangi moja hufua kwa sahani, la pili, dogo, hukamua. Kati ya hayo mawili nguo huhamishwa kwa mkono. Haina kompyuta. Ina taima ya kuzungusha, mpira wa kutolea maji, na mwili wa plastiki. Uingereza mashine hizi zilikuwa na zama zao za fujo, pale mfanyabiashara John Bloom alipoziuza kwa bei ya chini moja kwa moja kwa akina mama wa nyumbani, mpaka kampuni yake ya Rolls Razor ikafilisika Julai 1964. Leo Mwingereza huziona kama vitu vya nyanyake. Kenya bado ziko mbele dukani, zikiwa na majina ya Ramtons, Von, Mika, Hisense na mengineyo.

Plastiki hiyo watu huidharau, na wanakosea. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haina huruma kwa bati. Mashine nzuri ya chuma iliyowekwa kwenye roshani inayotazama Kilindini huanza kuota kutu kwenye bawaba na kitako mapema kuliko mwenyewe anavyotarajia. Plastiki hupauka kwa jua tu.

Halafu kuna kukamua, na hapa hesabu inawashangaza wengi. Tangi kubwa la mashine otomatiki ya mlango wa juu huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Tangi dogo la kukamulia la matangi mawili lina kipenyo cha nusu yake, lakini huzunguka mara 1,300 hivi. Kwa kuwa nguvu inayoyasukuma maji nje ya nguo hukua kwa mraba wa kasi, na kwa upana tu bila mraba, lile dogo hushinda: nguvu yake ni kama mara 215 ya uzito wa nguo yenyewe, dhidi ya mara 125 za lile kubwa. Mashine ya mlango wa mbele ya mizunguko 1,200 huyashinda yote mawili. Hata hivyo, katika masika ya Mei, nguo zinapokataa kukauka siku nzima na kuanza kunuka uvundo, tofauti kati ya nguo zinazodondosha matone kambani na zilizobaki na unyevu tu si jambo dogo.

Nguvu hiyo ina hatari yake. Novemba 2016 Samsung ilitangaza kuzirudisha mashine milioni 2.8 za mlango wa juu zilizouzwa Marekani, kufuatia ripoti 733 za mashine kutikisika kupita kiasi au vifuniko kuchomoka wakati wa kukamua. Watu tisa walikuwa wameumia, mmoja akavunjika taya. Vitu vikubwa na visivyopitisha maji vilitajwa kuwa kiini cha tatizo. Mwenye shuka la mpira la mtoto au koti la mvua asilikamue kwenye mashine yoyote: maji hukwama upande mmoja, uzito ukaelemea, na tangi likaanza kucheza chakacha.

Tuseme basi kila mashine imeshatetewa. Nani kati yao anatakasa?

Mkemia wa Kijerumani Herbert Sinner, wa kampuni ya sabuni ya Henkel, alieleza mwaka 1959 kwamba kufua kunasimama juu ya mambo manne: joto, sabuni, msuguano na muda. Ukipunguza moja, lazima uongeze jingine. Mashine ya mbele ya Ulaya hutegemea joto na muda. Mchi hutegemea msuguano. Mbaraki joto la kiasi ni la bure, kwani maji ya tangi jeusi lililokaa juani mchana kutwa ni ya vuguvugu, na vimeng'enya vya sabuni ya unga hupenda vuguvugu hilo. Mashine nyingi za mlango wa juu hazina koili ya kuchemshia maji, na watu huliona hilo kuwa upungufu. Kwa maji ya kisiwa ni baraka, kwa sababu koili ndiyo ya kwanza kushikwa na ukoko wa chokaa.

Maana shida kubwa kuliko zote ni maji yenyewe. Mombasa hainywi maji ya kisiwa chake. Bomba la Mzima, lililokamilika mwaka 1957, hutoa maji chemchemini ndani ya Tsavo Magharibi, umbali wa kilomita 220 hivi. Mengine hutoka Baricho kwenye Mto Sabaki, Marere na Tiwi. Hayatoshi, na hugawiwa kwa zamu. Pengo huzibwa na visima, na visima vya kisiwani vimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chokaa na aghalabu chumvi. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa haifanyi povu; hufanya utando wa kijivu unaorudi kushika nguo ileile uliyotaka kuitakasa. Kanzu nyingi zinazodaiwa kuharibiwa na mashine zimeharibiwa na maji. Sabuni ya unga huvumilia zaidi, lakini nayo huhitaji kuongezwa kipimo, na kusuuza kwa mwisho kufanywe kwa maji ya bomba hata kama kufua kumefanywa kwa maji ya kisima.

Hilo la mwisho ndilo linaloipa ushindi mashine ya matangi mawili. Otomatiki hunywa kinachotoka bombani, na nyingi huhitaji msukumo. Tangi likiwa mita moja tu juu ya mashine, valvu hugoma au maji huchuruzika mpaka mashine itoe alama ya kosa. Ya matangi mawili hujazwa kwa ndoo. Mwenyewe ndiye anayeamua maji yapi yaingie lini. Hufua kanzu kwanza, maji yaleyale yakafua nguo za rangi, kisha suruali za kazi, na mwisho yakasafisha sakafu au choo. Hakuna programu ya kompyuta iliyotungwa Seoul inayojua kufanya hivyo.

Upimaji wenyewe una kanuni zake. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60456 hutumia vipande vya kitambaa vilivyochafuliwa kwa mafuta ya ngozi, masizi na mafuta ya mashine, damu, kakao na divai nyekundu. Vikishafuliwa, weupe wake hupimwa kwa kifaa cha mwanga na kulinganishwa na mashine ya mfano. Divai nyekundu si adui wa kawaida wa kanzu ya Mombasa. Mtihani wa haki kwa kisiwa hiki ungekuwa na achari ya embe, mafuta ya nazi, chai ya maziwa, grisi ya gati na, juu ya yote, manjano ya biriani.

Manjano yanastahili aya yake. Rangi yake, kurkumini, hugeuka nyekundu ikikutana na sabuni kali, na wengi wakiona doa la njano limekuwa jekundu kama damu hudhani kanzu imekwisha, wakakimbilia jiki. Wangesubiri. Kurkumini haistahimili jua: doa lililofuliwa mpaka mafuta yakatoka, likaanikwa juani likiwa bichi, hufifia lenyewe. Hapo mchi, sahani na tangi huwa sawa kabisa, na mshindi ni kamba ya juu ya paa. Kola nayo haijali mashine. Mafuta ya shingo yaliyokauka hutaka kulowekwa na kupigwa brashi kwa mkono kabla ya kuingia tangini, jambo ambalo kila mama fua analijua na hakuna kijitabu cha maelekezo kinacholitilia mkazo.

Limebaki suala la mali ya mtumba kutoka Japani. Ni mashine imara, tulivu, na bei yake hushawishi. Lakini umeme wa Japani ni volti 100, wa Kenya ni 240. Mashine hiyo ikichomekwa ukutani moja kwa moja itatoa moshi kabla haijatoa povu. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kubeba mota, na transfoma hiyo ni gharama nyingine. Ya Marekani ni volti 120 na mzunguko wa hezi 60, na hata kwa transfoma, mota yake ya kawaida itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita kwenye hezi 50 za Kenya. Bei ya mtumba ihesabiwe pamoja na hayo.

Kwa nyumba ya Mbaraki ya watu watano au sita inayopata maji kwa zamu, basi, ya kununua ni ya matangi mawili ya kilo saba hadi kumi, pamoja na subira ya kuhamisha nguo kwa mkono, na watoto wasisogezwe karibu na tangi la kukamulia. Ghorofa yenye pampu ya msukumo na tangi kubwa la chini inaweza kuchukua otomatiki ya sahani bila majuto. Mchi waachiwe wenye shuka za hoteli na ovaroli za gati. Na kabla ya kulipa, igeuze mashine usome bamba la nyuma: kama halikuandikwa volti 220 hadi 240 na hezi 50, mwachie mwenyewe.